Gari Lisilozimwa: Siku Yangu ya Picha Ziwa Nakuru

Ukitaka kukodi gari la kukutembeza Hifadhi ya Ziwa Nakuru, uliza hivi kabla hujatuma M-Pesa: gari lenu likizimwa linawaka tena? Habari ya paa la kuinuka achana nayo, watakuambia wenyewe. Uliza stata, kile kifaa cha kuwasha injini. Najua ni swali la ajabu. Mtu akikodi gari la kazi anategemea ufunguo ufanye kazi ya ufunguo.

Mimi riziki yangu ni picha za harusi na mazishi, hapa Kisumu na vijijini. Wanyama ni starehe yangu, na starehe hiyo naigharamia. Nililipia gari zima peke yangu badala ya kiti kimoja, ili nisije nikabanwa na familia inayotaka kuona simba, kula chipsi na kurudi mjini. Yule mama wa ofisini nilimweleza kwa simu, polepole, kwamba simba hawanihusu. Nataka kukaa na kifaru. Nataka ndege wa ziwani. Asubuhi tuwe upande wa mashariki wa ziwa, jua likiwa mgongoni mwangu, na jioni ndipo tupande Baboon Cliff, ambayo iko magharibi, ili jua linitumikie tena. Akanijibu, "Usijali mama, utapiga hadi uchoke."

Dereva alinichukua kwa binamu yangu, mtaa wa Section 58 mjini Nakuru, kukiwa bado giza. Mzee nadhifu, sweta imepigwa pasi, salamu nzuri. Tulipofika getini alishuka kushughulikia tiketi akaliacha gari linanguruma. Nikadhani ni haraka tu. Watu wa kukaguliwa risiti za eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali, walikuwa wengi, na sisi tukakaa pale tukivuta moshi wetu wenyewe.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo hasira yangu inapoishi.

Hatukwenda mbali yule mzee akakanyaga breki. Pembeni kulikuwa na vichaka vya leleshwa, na mimi sikuona chochote ila kivuli na kisiki. Akasema kwa sauti ya chini, "Madam, hicho si kisiki." Nikatazama tena. Kisiki kikatikisa sikio. "Huyo ni mweusi," akasema, "ona anavyochuma majani ya kichaka. Mweupe angekuwa ameinamisha kichwa kwenye nyasi." Kifaru mweusi, karibu na barabara, saa ile mwanga unaanza kuwa wa dhahabu, na mdomo wake uliochongoka ukishika tawi taratibu, mdomo ule mfupi unaojikunja kama kidole. Ndege wawili, shashi wale wanaokula kupe, wamekaa shingoni. Wapo watu wanaoingia hifadhi miaka na miaka wasipate hiyo.

Nikaweka mfuko wangu wa mchele dirishani, nikalaza lenzi juu yake, nikaangalia ndani ya kamera. Kila kitu kilikuwa kinacheza. Injini inatetema, mlango unatetema, mchele unatetema, kifaru anatetema. Nikamwambia, "Mzee wangu, tafadhali zima gari kidogo." Akatabasamu. "Madam, gari likinguruma wanyama hawaogopi. Likizimwa ndipo wanashtuka."

Uongo mtupu! Kila mtu aliyewahi kukaa na wanyama anajua gari likizimwa wanakusahau. Nikabeba lenzi mkononi ili isiguse mlango, nikapandisha kasi ya shata na ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, hadi picha zikaanza kuwa na chenga kama mchanga, na lenzi yenyewe ni ya milimita 400, inayoonyesha hata pumzi ya mpigaji. Nikapiga nyingi. Nyumbani nimezifungua moja moja kwenye kompyuta. Nina kifaru mwenye pembe nne. Nina shashi ambaye ni doa la rangi. Picha iliyo afadhali ni ya leleshwa.

Nilirudia ombi, akajifanya hasikii. Mara ya tatu akageuka, na sasa tabasamu hakuna: "Msichana, hawa ni wanyama wa serikali, si bibi harusi wako. Hawakai pozi."

Nimefanya kazi na wajomba walevi kwenye harusi, nimetukanwa na wasimamizi wa arusi wenye pumzi ya chang'aa. Sijawahi kuambiwa neno likanichoma namna ile, labda kwa sababu nilikuwa nimelilipia.

Kutoka hapo, badala ya kushuka ziwani, akanipeleka Baboon Cliff. Asubuhi! Unasimama pale juu, ziwa lote liko chini yako, na jua limekukodolea macho kutoka ng'ambo. Ukungu mweupe, maji meupe, mbingu nyeupe. Nikauliza mbona tumekuja huku mapema, akasema nyani bado hawajaamka vizuri, tunywe chai kwa amani. Kisha nikamwona anachofanya. Aliligeuza gari likatazama mteremko, akazima (naam, pale alizima!), akainama chini ya kiti chake akatoa jiwe. Jiwe la kwao, lililosuguliwa na kazi, lina alama nyeusi ya tairi upande mmoja. Akaliweka mbele ya gurudumu akalisindilia kwa kiatu.

Ndipo nikaelewa. Stata ilikuwa imekufa. Gari linawaka kwa kutelemshwa tu. Ratiba yangu ya mwanga, ile niliyomweleza yule mama kwa utaratibu, ilikuwa imepangwa upya na milima. Penye mteremko tunasimama, penye tambarare tunanguruma.

Niseme haki: pale juu, injini ikiwa kimya, nilipata pimbi wazuri sana kwenye miamba, wamejianika juani, kila unywele wa sharubu unaonekana. Na mzee yule ana elimu. Nilipomuuliza flamingo wako wapi, maana tangazo lao lina ziwa la waridi kutoka ukingo hadi ukingo, hakunidanganya. Alinionyesha kwa kidole ile migunga iliyokufa imesimama ndani ya maji, akasema ziwa lilianza kufura miaka ya baada ya 2010, likameza barabara, likameza hata geti kuu la zamani. Maji yakiongezeka magadi yanapungua makali, ule mwani wa kijani wanaoula flamingo unapungua, nao wanahamia Ziwa Bogoria na kwingineko. Siku hiyo walikuwepo wachache, mstari mwembamba mbali. Kwenye migunga ile mikavu kulikuwa na mnandi na tai mlasamaki. Sikumlaumu mzee kwa flamingo. Aliyeweka ile picha ya zamani kwenye tangazo ndiye nitakayemlaumu.

Mchana ulipita kwa kunguruma. Simu ikaita, simba wako juu ya mti upande wa kusini, tukakimbizwa huko ingawa nilishasema simba sitaki. Magari yamejazana, mkia mmoja unaning'inia. Twende.

Halafu gari likazima lenyewe. Tuko kwenye uwanda karibu na maji, tambarare kama meza, mzee akawa anarudi nyuma kwa pupa ili awahi kitu kingine alichoitiwa, akaachia klachi vibaya, kimya. Akazungusha ufunguo: tik. Akazungusha tena: tik. Kushuka kusukuma hairuhusiwi, na hata ingeruhusiwa kulikuwa na mbogo wazee wamelala kwenye nyasi si mbali, wanatutazama kwa ile sura yao ya kudai deni. Akaanza kupiga simu ofisini. Mimi nikaweka mfuko wa mchele dirishani.

Walikuja vifaru weupe, mama na mtoto, wakichunga nyasi taratibu kuelekea kwetu. Gari halikuwa linasema chochote. Nikasikia nyasi zikikatwa. Nikasikia mtoto akipuliza pua. Wakapita karibu kiasi kwamba lenzi ikawa kubwa mno, nikapata jicho, mikunjo ya ngozi kulizunguka, tope lililokauka likapasuka. Mzee nyuma ya usukani akaninong'oneza, "Wewe unafurahi gari limekufa?"

Nilikuwa nafurahi, na kadiri nilivyofurahi ndivyo nilivyozidi kuchemka. Watu wangu wananiambia, si ulipata picha, sasa malalamiko ya nini? Hayo ndiyo malalamiko yenyewe! Picha zile ni ushahidi. Zinaonyesha siku nzima ingekuwaje kama gari lile lingekuwa na kifaa ambacho fundi yeyote wa Nakuru anakibadilisha kabla ya chakula cha mchana. Kifaru mweusi wangu yuko wapi?

Askari wa wanyamapori walitukuta baadaye, wakatuvuta kwa kamba hadi injini ikakubali. Jioni ya Baboon Cliff nikaikosa, maana geti linafungwa saa kumi na mbili na mzee hakuthubutu tena kusimama popote.

Nilipompigia yule mama wa ofisini kudai sehemu ya pesa zangu, alisema picha ni bahati ya mtu. Akaniahidi punguzo safari ijayo. Nilikuwa nimempa dereva nyota moja, nikaifuta nikampa nne, kwa sababu nimefikiri sana na naona yule mzee alikuwa anaficha aibu isiyokuwa yake. Mtu anayekijua kifaru kwa sikio hastahili kutembea na jiwe chini ya kiti. Kisha nikakumbuka lile neno la bibi harusi, nikarudisha mbili. Ofisi haina nyota kwangu. Hifadhi yenyewe nendeni, hata kesho, kwa gari lolote linalozimika.

Juzi mzee amenitumia ujumbe, kwa adabu kabisa, akiomba picha ya kifaru aiweke kwenye simu yake. Nimemtumia yule wa pembe nne. Yule mama na mtoto wake atawapata siku mwajiri wake akinunua stata.