Miezi Minne katika Kozi ya Kiingereza Isiyotungwa kwa Ajili Yangu

Kwa miezi minne nimesoma Kiingereza hapa Houston katika kozi iliyotungwa mahususi kwa watu wazima wanaozungumza Kihispania, ingawa mimi ni Mkongo wa Uvira na Kihispania changu hakikuvuka salamu. Niliichagua kwa sababu ya ratiba: masomo ya mtandaoni niliyafanya kwenye simu baada ya zamu ya usiku ghalani, na Jumamosi asubuhi tulikutana na mwalimu ana kwa ana katika ukumbi wa maktaba.

Maelezo ya sarufi kwenye programu yameandikwa kwa Kihispania, nami nilidhani nitapotea. Kumbe mengi yaliyowasumbua wenzangu ndiyo yaliyonisumbua mimi. Wao husema "tengo hambre" na "tengo cuarenta años", yaani nina njaa na nina miaka 40, ilhali Kiingereza katika yote mawili hakitumii "kuwa na" bali "kuwa" peke yake. Kwa hiyo zoezi lililokusudiwa kumsahihisha mama wa Honduras aliyekaa kando yangu lilinisahihisha na mimi. Lugha yao pia ina irabu tano kama yetu, ndiyo maana darasa zima tulitamka "ship" (meli) na "sheep" (kondoo) kama neno moja.

Hapo programu iliniangusha. Husikiliza sauti ya mwanafunzi na kumwekea alama ya kijani anapopatia, na mimi niliwekewa kijani kwa maneno yote mawili wiki tatu mfululizo, nikaamini nimefuzu. Jumamosi moja mwalimu alibandika picha mbili ukutani, akanipa mgongo asione midomo yangu, akaniambia nitaje mojawapo naye ataionyesha kwa kidole. Nilitaja meli mara tano. Mara tano alionyesha kondoo. Kwa herufi p alitushikisha kipande cha karatasi nyepesi mbele ya midomo, kwani Mwingereza akisema "pen" karatasi hupeperuka. Yangu ilitulia tuli. Niliondoka nayo mfukoni, na mazoezi ya karatasi ile yamenifaa kuliko alama zote za kijani.

Masomo ya maneno ya Kihispania yanayofanana na ya Kiingereza yakitofautiana maana, mathalani "librería", ambalo ni duka la vitabu na si maktaba kama "library", sikuyahitaji, nikayaruka. Kasoro iliyonigharimu ni nyingine. Kwa kuwa Kihispania hutofautisha "él" na "ella", watungaji hawakuona haja ya kukaa juu ya "he" na "she", nami niliyezoea "yeye" ya watu wote nilipita hapo kwa aya moja tu. Nilimwandikia mwalimu, akaniongezea mazoezi yake mwenyewe, lakini msimamizi wangu ghalani, ambaye ni mwanamke, bado ananisahihisha karibu kila zamu.