Sproketi ya umbo la yai: miezi minne Gongo la Mboto mpaka Kariakoo

Wadau wa baiskeli, hii sproketi ya mbele, ile ya kwenye pedali, yenye umbo la yai, mimi nilikua naidharau kabisa, naona ni mbwembwe za wenye hela. Binamu akaniletea moja ya meno 34 nikaipeleka kwa fundi wangu hapa Gongo la Mboto, Dar, akaigeuza geuza akaniambia kaka umepigwa, hii imepinda. Nikamwambia hapana, ndo ilivyotengenezwa, imekaa kama yai. Kijiwe kizima kikacheka, akafunga.

Tatizo akafunga vibaya. Yangu ina kialama kinachotakiwa kikae usawa wa kranki (ule mkono unaoshika pedali), yeye hakuhangaika nacho, kaizungusha robo nzima. Siku tatu nimepiga Nyerere Road mpaka Kariakoo najiuliza hivi watu wanaipendea nini, maana mguu ukikanyaga kwa nguvu pedali inaponyoka, halafu ikifika juu inakua nzito kama imekwama, magoti yakaanza kuniuma. Nikarudi tukageuza na aisee, baiskeli nyingine kabisa.

Iko hivi, pedali ikiwa juu kabisa au chini kabisa mguu hauna cha kusukuma, hapo sproketi inakua ndogo unapita fasta, ila mguu ukiwa mbele unakandamiza ndo inakua kubwa. Hii ya 34 ukikanyaga ni kama 36, pedali ikiwa juu au chini ni kama 32. Shimano, kampuni ya Japani ya vipuri vya baiskeli, nao walitoa sproketi inaitwa Biopace miaka ya 80, haikua duara, ila upande mpana waliuweka tofauti na hizi za leo na watu hawakuipenda, kwenye mitumba ya Japani bado unakutana nazo moja moja.

Raha yake utaijua mlimani. Jumamosi huwa naenda Kisarawe, ule mlima wa Pugu zamani nilikua naupanda nimesimama nahema kama mbwa, sasa hivi naupanda nimekaa, taratibu, mguu hauna ile kushtuka shtuka na kwenye mchanga tairi la nyuma halitelezi hovyo. Kuondoka kwenye foleni pia, pale Tazara, kumelainika kabisa.

Spidi? Hamna. Wiggins, Mwingereza, alibeba Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, 2012 na sproketi zisizo duara, mwenzake Froome naye 2013, ila mimi na kitambi changu kazini nafika muda ule ule.

Wiki ya kwanza utajiona unachechemea, inaisha. Mkono wa gia wa nyuma utauona unacheza mbele nyuma, ni kawaida, usishtuke. Mimi mbele nina sproketi moja tu kwa hiyo sina shida, jamaa yangu mwenye mbili kila akibadilisha gia cheni inagoma au inadondoka, kaitoa karudisha ya duara.

Yangu siitoi. Ila ukipeleka kwa fundi simama hapo hapo umuonyeshe kialama kabla hajashika spana, na wangu mpaka leo anaiita ile iliyopinda.