TAHADHARI, Tanga mjini: "Kadi ya waifai imeungua", na nywila zinazoondoka ndani ya flashi

Wana Tanga, hasa wenye ofisi ndogo, steshenari na nyumba za wageni: kuna mchezo unachezwa na baadhi ya wanaojiita mafundi wa laptopu hapa mjini. Jina la mtu halitajwi, maana meza zenyewe ni za waja leo waondoka leo. Wiki hii iko Ngamiani, ijayo hujui imehamia wapi. Ujueni mchezo wenyewe.

Mteja analeta laptopu ambayo waifai ya kazini haishiki. Juzi ilishika, leo inaandika "Can't connect to this network". Jamaa anaitazama, anaguna, anasema kadi ya waifai imeungua. Chaguo ni mbili: ununue kadi ya USB ya kuchomeka kwa elfu 35, au "aiflashi" ya ndani, yaani aiandikie upya programu yake, kwa elfu 20. Ukikubali kuflashi, anaigeuzia skrini upande wake, na kabla hujamaliza soda inashika. Hakuna kilichoflashiwa. Amefuta mtandao mmoja uliohifadhiwa, akaingiza nywila mpya uliyomtajia mwenyewe.

Chanzo ni hiki. Windows ikiunganishwa na waifai mara ya kwanza huhifadhi wasifu wa mtandao huo: jina, aina ya ulinzi, nywila, na kama ijiunge yenyewe siku nyingine. Wasifu huo ni faili la XML lililo ndani ya C:\ProgramData\Microsoft\Wlansvc\Profiles\Interfaces. Ofisini wakibadilisha nywila, au wakihamisha ulinzi kutoka aina ya WPA2 kwenda aina mpya zaidi, WPA3, na kuliacha jina lile lile, laptopu inaendelea kutumia wasifu wa zamani na ruta (kifaa kinachorusha waifai) inaikataa. Kadi haina kosa lolote.

Kadi iliyoungua kweli haioni mtandao hata mmoja. Bofya alama ya waifai. Ukiona majina ya majirani, kadi inafanya kazi. Washa hotspoti ya simu ujiunge nayo, ikishika hapo usilipie kadi. Orodha ikiwa tupu kabisa, angalia kwanza hali ya ndege na kitufe cha waifai kwenye kibodi, kisha fungua services.msc (orodha ya huduma za Windows, iandike kwenye kisanduku cha kutafutia) uhakikishe "WLAN AutoConfig", huduma inayoendesha waifai, imeandikwa Running. Likikosekana jina moja tu na mengine yapo, huenda ruta imewekwa masafa ya 5 GHz pekee na laptopu yako ya zamani inasoma 2.4 GHz tu. Hapo ndipo kadi ya USB ina maana, na hata hapo muulize kwanza mwenye ruta kama anaweza kuwasha 2.4, haina gharama.

Akisisitiza kwamba kadi "inakatika-katika", mwambie aonyeshe ripoti. Fungua Command Prompt kwa "Run as administrator", uandike:

netsh wlan show wlanreport

Windows itatengeneza ukurasa unaoonyesha siku 3 zilizopita: saa ngapi ulijiunga, saa ngapi ulikatika, na sababu. Fundi anayejua kazi hataukataa.

Tiba yenyewe, kwenye Windows 10 na 11: Settings, Network & internet, Wi-Fi, Manage known networks, chagua jina, bonyeza Forget. Kisha jiunge upya kwa nywila mpya. Wanaopenda amri:

netsh wlan show profiles
netsh wlan delete profile name="JinaLaMtandao"

Jina liandikwe kama linavyoonekana kwenye orodha ya amri ya kwanza, pamoja na nafasi zake. Msikubali mtu akimbilie "Network reset" kwa tatizo la mtandao mmoja. Hiyo huondoa kadi zote za mtandao kwenye mfumo na kuzisakinisha upya, na hufuta kila waifai iliyohifadhiwa, pamoja na zile ambazo nywila zake huzikumbuki. Programu ya VPN (ya kuingilia mtandao wa ofisi ukiwa mbali) nayo inaweza kuhitaji kuwekwa upya. Kesho unarudi kwa yule yule, unalipa tena.

Sasa elfu 20 ni hasara ndogo. Kubwa ni flashi anayochomeka "kuweka bakapu". Windows ina amri inayotoa wasifu zote kwa mpigo, nywila zikiwa wazi bila kufichwa. Kila mtandao unakuwa faili moja, jina lake kwa kawaida likianzia na "Wi-Fi-", na ukilifungua kwa Notepad utaikuta nywila kwenye mstari wa keyMaterial. Laptopu ya mhasibu iliyozunguka ofisi tatu na hoteli mbili za Raskazone inatoa nywila za kote huko kwa sekunde chache. Kunakili folda ile ya ProgramData hakumsaidii, kwa sababu nywila za humo zimefungwa kwa ufunguo wa mashine yenyewe. Ndiyo maana anataka laptopu iwe imefunguliwa kwa akaunti yako, na ndiyo maana anageuza skrini.

Bakapu yenyewe si uovu. Kabla ya kuweka Windows upya ni jambo la maana, ila mafaili yaingie kwenye flashi yako, mbele yako. Ya kwake ikichomekwa kwa shida ya waifai tu, chukua laptopu yako uondoke.

Nywila hizo zinauzwa kwa namna nyingine: laptopu ya mtumba yenye "intaneti ya bure mjini kote", bei ikipandishwa kwa ajili hiyo. Mnachouziwa ni nywila za watu. Siku mwenye ruta akibadilisha, imekwisha, na muuzaji hapatikani. Tena kuingia kwenye mtandao wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na laptopu inayokutwa humo ni yako, si ya aliyekuuzia. Kabla hujalipa mtumba, endesha ile show profiles. Ukikuta majina ya hoteli na ofisi, futa yote:

netsh wlan delete profile name=* i=*

Hakikisha pia akaunti ya Microsoft ya mwenye zamani imeondolewa, la sivyo wasifu zilizofutwa zinaweza kurudi zenyewe. Salama zaidi ni kuweka Windows upya kabisa.

Waliokwisha kuacha laptopu kwenye meza hizo: kubadilisha nywila ya laptopu hakusaidii, kinachobadilishwa ni ya ruta. Soma kibandiko chini ya ruta upate anwani ya kuandika kwenye kivinjari, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ingia, badilisha nywila ya waifai, halafu badilisha na ile ya kuingilia ruta yenyewe kama bado ni ya kiwandani, na uzime WPS (njia ya kujiunga kwa kitufe au PIN bila nywila). Nyumba za wageni washeni mtandao wa wageni uliotengwa na kompyuta ya mapokezi. Waarifuni na wenye ofisi nyingine ambako laptopu hiyo imewahi kuunganishwa, maana nywila zao nazo zimo. Baada ya hapo kila kifaa kitakataa mpaka kifutiwe wasifu wa zamani, na printa ya waifai imo: hiyo nywila mpya mara nyingi huingizwa kwenye menyu yake yenyewe.