The Very Hungry Caterpillar: Hadithi Iliyomo Ndani ya Matundu

Katika vitabu vya watoto ninavyovipenda, The Very Hungry Caterpillar cha Eric Carle ndicho ninachokitoa zawadi bila kusita, na kila mara huchagua toleo la kurasa za kadi ngumu. Nalitaja toleo kwa makusudi, kwa kuwa uzuri wa kitabu hiki umo katika namna kilivyotengenezwa. Ukiyachukua maneno peke yake, utabaki na kisa kifupi sana cha kiwavi aliyekula juma zima, akajifungia, kisha akatoka akiwa kipepeo. Ni karatasi yenyewe, kwa jinsi ilivyokatwa na kutobolewa, inayokifanya kisa hicho kiombwe tena na tena.

Jumatatu kiwavi anatoboa tufaha moja, na ukurasa wa siku hiyo ni mwembamba sana. Jumanne anakula pea mbili na ukurasa unapanuka kidogo; Jumatano ni plamu tatu, Alhamisi stroberi nne, Ijumaa machungwa matano, na kila ukurasa unaupita uliotangulia kwa upana, hata mtoto anaona kingo za matunda yajayo kabla hajafunua. Kila tunda lina tundu la kweli lililopenya upande wa pili, na hapo ndipo kidole cha mtoto kinapoingia. Akifunua, anamkuta kiwavi akichungulia kutoka tundu lile lile, tayari kwa mlo unaofuata. Mtoto ambaye bado hajui kuhesabu anaihisi tano kuwa kubwa kuliko mbili, kwa sababu kidole chake kimepita mahali pengi zaidi na mkono wake umefunua ukurasa mpana zaidi. Sijaona kitabu kingine cha umri huo kinachofundisha idadi kwa njia iliyo rahisi na sahihi kiasi hicho.

Haishangazi kujua kwamba wazo lenyewe lilianzia kwenye matundu. Carle aliwahi kueleza kwamba alikuwa akitoboa rundo la karatasi kwa mashine ya ofisini, akaona yale matundu yanafanana na njia ya mdudu anayekula vitabu, na mhusika wake wa kwanza akawa mdudu wa aina hiyo, aliyeitwa Willi. Mhariri wake, Ann Beneduce, ndiye aliyependekeza kiwavi badala yake, nami naona pendekezo hilo ndilo lililoipa hadithi mwisho wake, kwani kiwavi ana mahali pa kufikia. Kurasa za upana tofauti zenye matundu zilikuwa ghali mno kuchapishwa Marekani wakati huo, hivyo toleo la kwanza la mwaka 1969 lilichapishwa Japani. Tangu hapo zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 50, katika lugha zaidi ya 60.

Picha zinastahili kuangaliwa kwa utulivu. Carle alipaka rangi karatasi laini nyembamba, akazikata na kuzibandika, kwa hiyo mwili wa kiwavi una kijani cha kila namna na michirizi ya brashi inaonekana wazi. Mandhari ya nyuma ni nyeupe, jambo linalomsaidia mtoto mdogo kujua jicho alielekeze wapi.

Jumamosi mpangilio unavunjika: vyakula kumi vimepangwa safu moja, kuanzia keki ya chokoleti hadi kipande cha tikiti maji, na usiku ule kiwavi anaumwa tumbo. Msomaji mtu mzima anaweza kuchoshwa na orodha hiyo, lakini watoto hukaa hapo kuliko mahali pengine pote, wakidai kila chakula kitajwe kwa jina na wakirudisha ukurasa nyuma mtu akiruka kimoja. Ninachokithamini zaidi ni kwamba mwandishi hamkemei kiwavi kwa ulafi wake. Jumapili anakula jani moja la kijani, anapata nafuu, na hadithi inaendelea bila hotuba yoyote.

Kasoro moja ni ya kweli na haifai kufichwa. Kitabu kinasema kiwavi alijijengea kifuko na kukaa humo zaidi ya majuma mawili, ilhali viwavi wengi wanaogeuka vipepeo hawafumi kifuko. Huvua ngozi yao ya mwisho, na ganda lililo chini yake huwa gumu na kuwahifadhi. Kifuko cha nyuzi ni kazi ya viwavi wa aina nyingi za nondo. Kwa mtoto wa miaka miwili jambo hili halina uzito, lakini anayekitumia kitabu kufundishia maisha ya wadudu anapaswa kulisahihisha kwa mdomo anapofika ukurasa huo.

Kuhusu kuchagua nakala, toleo la karatasi ya kawaida lina picha kubwa zinazofaa kusomewa kundi la watoto, ila zile kurasa nyembamba zenye matundu huchanika upesi mikononi mwa mtoto mmoja mwenye hamu. Toleo la kadi ngumu huhimili kuvutwa, na hata kutafunwa, nalo ndilo ninalolipendekeza kwa nyumbani. Kukisoma kwenye skrini sikushauri kabisa, kwa kuwa tundu la picha halipitishi kidole. Kabla ya kulipia nakala yoyote, fungua ukurasa wa tufaha uhakikishe kwamba tundu limepenya na ukurasa ni mwembamba kuliko unaoufuata. Nakala isiyo na mambo hayo mawili, hata ikiwa nzuri kwa sura, iache.