Bendi ya taarab ya kukodi Tanga, wanaimba barua zako za mapenzi: nyota 3 na nusu (shangazi angewapa 5)

Niseme mapema, kama unataka bendi ya kurusha watu mpaka majogoo hawa sio, chukua DJ. Ila kama una wazee nyumbani na kuna barua zao za zamani zimefichwa mahali, aisee endelea kusoma. Jina la bendi siwapi kwa sababu hawana, wenyewe wanagombana mpaka leo, wazee wanataka neno Musical Club liwemo na vijana hawataki hata kulisikia.

Sisi tuliwachukua kwa shughuli ya kuadhimisha ndoa ya wazazi, walioana 1980 baba aliporudi kutoka vita vya Kagera. Barua ziko kwenye kopo la biskuti la mama, nyingi baba alimwandikia akiwa mstari wa mbele Kagera na baadae Uganda kwenyewe. Kiongozi wa bendi, mwalimu mstaafu anayepiga akodioni, anakuja nyumbani wiki kama mbili kabla, anakaa na wahusika, anauliza ipi isomwe na ipi ibaki siri yao (mama alizichomoa kadhaa hapo hapo akaziweka chini ya mto), halafu anazigeuza mashairi ya mizani kumi na sita, nane kwa nane, vina vimekaa. Hapa ndo pesa yangu ilipokwenda kihalali. Kuna barua ya Aprili 1979, Kampala imeshatekwa, ungetegemea mtu aeleze ushindi, baba kajaza karatasi nzima analalamikia buti halafu chini kabisa ndo anakumbuka kusema amemkumbuka mchumba. Mwalimu akaifanya "Buti zanibana mno, moyo wabana zaidi". Ukumbi ulicheka, mama akajifunika mtandio, baba akajifanya anatafuta miwani.

Sasa muziki wenyewe. Jamani. Akodioni ni mwalimu, fidla ni fundi saa mzee wa makamo, gitaa ni dogo wa bodaboda, kinanda binti wa kwaya ya kanisani, dumbaki kijana wa dufu za maulidi na besi ni rasta mmoja mpole sana asiyeongea. Gitaa kwenye taarab kwa Tanga sio ajabu, Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarab vya hapa hapa, walishalifanya hilo zamani na mwimbaji marehemu Bi Shakila alitokea humo humo, ila dogo wa bodaboda yeye kila ubeti ukiisha anataka kuingiza sebene, na binti wa kinanda kila wimbo anaumaliza kama vile padri anasubiriwa kutoa baraka. Fidla na kinanda havikutyuniwa pamoja, nyimbo mbili za mwanzo nilikuwa natamani umeme ukatike. Kuanzia ya tatu wakakaa sawa, au sijui masikio yetu ndo yalizoea.

Mwimbaji ni mwalimu mwenyewe, sauti imechoka lakini anatamka kila neno, na kwa nyimbo za barua hilo ndo la muhimu.

Halafu ikatokea ile ambayo hatukuilipia. Shangazi yangu, mjane wa miaka mingi, mtu wa kukaa nyuma na kusimamia biriani, alinyanyuka kwenda kutunza. Mnajua utaratibu, unacheza taratibu unaenda mpaka mbele unampa mwimbaji. Shangazi kampita mwimbaji kama hamuoni, kaenda moja kwa moja kwa fidla, noti ya elfu kumi kaichomeka mfuko wa shati, akarudi kwenye sufuria zake. Yule mzee alipotea wimbo mzima, rasta akawa anambebea. Wanawake wa upande wa mama walipiga vigelegele ambavyo hata maharusi hawakuvipata.

Toka siku ile saa ya ukutani kwa shangazi inaharibika kila wiki, na saa hiyo tunaijua wote, ilikuwa haina tatizo lolote. Fundi anaifuata nyumbani. Binamu zangu wamegawanyika, mkubwa amenuna, wadogo wameshaanza kumwita baba mdogo kwa utani na yeye anaitika.

Bei walituambia 350,000 pamoja na kazi ya mashairi, nauli ya bajaji ya vyombo juu yako. Maiki na spika leteni zenu, za kwao zinakoroma. Walichelewa saa nzima na nusu kwa sababu dogo alipata abiria wa Pongwe, kwa hiyo waambieni saa kumi kama mnawataka saa kumi na mbili. Na sebene mkatazeni dogo mapema, mbele ya mwalimu, maana akiwa peke yake anaitikia ndio halafu anapiga.

Ukiwahitaji uliza Ngamiani kwa mafundi saa, utaonyeshwa. Jumapili asubuhi hawapatikani, kinanda kiko kanisani, na siku hizi jioni fundi naye kumpata ni shida.