Gesi, haibridi au umeme: gari gani litakupunguzia gharama ya mafuta Dar

Kabla hujaulizia bei ya gari jiulize kwanza unatembea kilomita ngapi kwa siku na utajazia wapi, maana watu wengi wanaulizia bei ya kufunga gesi tu, halafu mwaka unaisha wanashangaa hela haijarudi. Mpangilio huu nimeuweka kwa mtu anayeishi Dar. Kama uko Sumbawanga, mbali na vituo vya gesi, ruka moja kwa moja hadi namba mbili.

Namba moja ni gesi asilia, CNG, na kwa dereva wa Bolt, teksi au yeyote anayepiga kilomita 100 na kuendelea kila siku sioni cha kushindana nayo. Piga hesabu na mimi. Petroli tuseme 3,000 kwa lita (EWURA wanatoa bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwahiyo weka ya kwako), gari la cc 1,500 linakupa kilomita 12 hivi kwenye foleni za mjini, hapo kila kilomita imekula 250. Gesi kilo ni karibu 1,550 na kilo moja inakusogeza kama kilomita 16, yaani haifiki hata shilingi 100 kwa kilomita. Umeokoa 150. Kufunga mfumo tuchukue milioni 2, basi hela inarudi ukishatembea kilomita elfu 13 na kitu, anayepiga 150 kwa siku ni miezi mitatu, anayetoka Mbezi kwenda Posta na kurudi ni kama mwaka, ila wewe unayepeleka watoto shule na kurudi home, kilomita 10 basi, utasubiri zaidi ya miaka mitatu. Huyo wa mwisho asifunge gesi, aachane nayo kabisa.

Kwenye mtungi hapo ndo nawaomba msikilize vizuri. CNG inakaa kwa presha ya bar 200, kwahiyo mtungi wake ni chuma kizito kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, una namba na tarehe ya kupimwa imegongwa juu yake. Fundi akikuletea mtungi ambao maandishi yamekwanguliwa, au akakwambia mtungi wa gesi ya kupikia nao unafaa, ondoka hapo hapo, ule wa jikoni haukutengenezwa kubeba hata robo ya presha hiyo na ukipasuka unaua. Funga kwenye chuo cha teknolojia cha DIT au karakana yenye kibali, dai cheti na ulizia mtungi unatakiwa kupimwa tena lini. Jua pia buti linapungua sana, gari linakuwa zito kidogo mlimani, na plagi na koili zikiwa zimechoka gesi itakuonyesha mapema kuliko petroli. Gari bado litawaka kwa petroli asubuhi halafu lihamie gesi likipata moto, so usikaushe tenki.

Kasoro yake kubwa ni foleni ya kujaza. Vituo vimeongezeka, kuna kile cha TPDC, shirika la mafuta la taifa, pale Sam Nujoma karibu na chuo kikuu, lakini bajaji na magari nayo yameongezeka, na kwa dereva wa biashara saa moja kwenye foleni ni abiria kadhaa wamepotea. Wengi wanajaza usiku sana au alfajiri. Na ukishika njia ya kwenda mikoani hesabia petroli.

Namba mbili haibridi ndogo, yaani gari la petroli linalosaidiwa na mota ya umeme na betri yake, kama Toyota Aqua, Axio au Fielder haibridi. Hii ndo naishauri kwa mfanyakazi wa kawaida, haitaki kituo maalum, haitaki kuchomeka popote, na inakula kidogo zaidi pale pale kwenye foleni ambapo gari zingine zinakula sana. Ikikupa kilomita 20 kwa lita uko kwenye 150 kwa kilomita. Hofu ya watu ni betri, na ni hofu ya kweli, ila betri nyingi zinauliwa na joto na vumbi: Aqua ina feni ya kupoza betri karibu na siti ya nyuma, tundu lake likiziba au ukilifunika na mizigo betri inapika yenyewe. Lisafishwe kila sevisi. Kabla ya kulipia, fundi achomeke mashine asome kila sehemu ya betri, usikubali kuambiwa tu taa haijawaka.

Namba tatu umeme. Kwa gharama ya barabarani unashinda wote, uniti moja ya umeme kama 360, gari dogo linaenda kilomita 6 au zaidi, hapo ni shilingi 60 tu kwa kilomita. Shida ni zile Nissan Leaf za zamani zinazoletwa bei rahisi, betri yake haina kipozeo cha maji na joto linaimaliza. Angalia vile visanduku kwenye dashibodi, mpya vinakuwa 12, vikibaki 9 jua zaidi ya robo ya uwezo imeshaondoka, na Leaf za kwanza za kilowati-saa 24 hata zikiwa mpya zilikuwa zinaenda kama kilomita 117 tu kwa chaji moja. Tafuta ya kilowati-saa 40. Kuchaji kwa soketi ya ukutani ni usiku kucha, kwahiyo uwe na parking yako, waya zako na LUKU yako. Kama umepanga na mita mnachangia wapangaji wote, umeme usiuguse kwa sasa, chukua Aqua.