Nimelala Saanane: Hema Juu ya Mwamba, Mwanza Ng'ambo

Wadau wangu, karibuni tena! Geuza kamera kidogo. Ile pale ni Mwanza mjini, honi mnazisikia, na hapa nyuma yangu swala pala wanakula majani. Hiki ni kisiwa cha Saanane, Ziwa Victoria: hifadhi ya taifa ndani ya jiji! Boti kutoka Capri Point ni dakika chache tu.

Habari za bustani ya wanyama ya 1964 na kupandishwa kuwa hifadhi ya taifa 2013 mnazijua, napita. Ninachotaka mkione ni hema.

Shika kigingi. Nagonga, sikilizeni: ngo! Kimepinda. Udongo ni wa vidole vitatu, chini mwamba mtupu. Basi vigingi weka kando. Chukua kamba, izungushe kwenye jiwe kama kichwa cha mtu, kaza, halafu pandisha jiwe kubwa juu ya kamba yenyewe. Haya vuta. Vuta kwa nguvu! Halitikisiki. Jana jioni upepo ulikuwa unatoka ziwani, nikafunga upande huo tu. Usiku ukageuka, ukaanza kuvuma kutoka nchi kavu, hema likajaa kama tanga. Saa nane usiku nasomba mawe na tochi mdomoni. Funga pande zote nne, nakuomba.

Chakula usikiache. Nimegeuka kuchukua chupa ya chai, tumbili kashaondoka na maandazi mawili. Kuogelea hapana, mamba wapo.

Najua mtaandika, "Nenda Rubondo." Rubondo, ile hifadhi ya kisiwa kingine humu humu ziwani, naipenda, ina msitu, ina sokwe. Lakini ile ni safari ya kupanga. Saanane, kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yake, unatoka kazini Ijumaa unapanda boti na watoto. Kiingilio Mtanzania unalipa kwa shilingi, ila uliza mapema boti na kulala vinalipiwaje, ndivyo vinavyopandisha bajeti. Mwanzoni nilisema usiku mmoja ni mwingi kwa kisiwa hiki. Nimebadilika, nataka wa pili.

Jumamosi tunapima majiko madogo ya gesi, kama hujajiunga na chaneli jiunge sasa, na uniandikie jiko la... ngoja. Pimbi hao, wametoka juu ya jiwe, watatu, na mtoto! Nipe kamera. Taratibu, usikanyage majani makavu.